Helmholtz: Mtu Aliyefungua Dirisha la Jicho



Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya wanazuoni wetu wa zamani. Mimi pia nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu Ibn al-Haytham, yule bwana wa Basra aliyetufundisha namna tunavyoona. Lakini kuna jambo lililotokea nyumbani kwetu, na jambo hilo limenipeleka kwa mtu mwingine kabisa: Mjerumani, si Mwislamu, aliyefariki mwaka 1894. Anaitwa Hermann von Helmholtz. Naomba univumilie, na mwisho utaona kwa nini nimemtanguliza.

Mama yangu anaishi Buyenzi, Bujumbura. Mwaka jana aliona kuwa hawezi tena kusoma msahafu bila kuunyoosha mbali na uso, akaenda kupimwa miwani. Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akamulika ndani, na huko akakuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta: doa jeusi nyuma kabisa ya jicho la kushoto, chini ya retina. Alimweleza mama kwamba yaelekea ni baka tu, kama lile linaloota kwenye ngozi, wala asiogope. Lakini lipigwe picha, lipimwe unene kwa altrasaundi, na arudi baada ya miezi sita lipimwe tena, kwa sababu mabaka ya namna hiyo mara chache sana hugeuka saratani.

Mama alinipigia simu huku Uganda ninakosoma. Hoja yake ilikuwa nyepesi: jicho haliumi, linaona vizuri, na miwani ameshapata. Ya nini kulipa pesa ya kwenda kutazamwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni wala hakihisi? Nakiri kwa aibu kwamba nilikaribia kumuunga mkono. Pesa hiyo ingetoka katika fungu lile lile linalonilipia karo, na muhula ulikuwa unakaribia. Nilimwomba anipe siku chache nisome kwanza. Niliingia maktaba nikitafuta habari za doa jeusi la jicho, na kila kitabu nilichofungua kilinirudisha kwa mtu mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kuliona jicho lililo hai kwa ndani.

Helmholtz alizaliwa Potsdam, karibu na Berlin, tarehe 31 Agosti 1821. Baba yake, Ferdinand, alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye elimu nyingi na mshahara mdogo. Mtoto alikuwa mgonjwa mgonjwa. Miaka yake saba ya mwanzo aliipitisha zaidi kitandani na chumbani. Shuleni hakuwa hodari wa kukariri. Mambo yasiyo na uhusiano yalimponyoka upesi, na darasa la Kilatini lilimchosha. Wenzake wakisoma maandishi ya Warumi, yeye chini ya dawati alikuwa akichora njia za miale ya nuru ndani ya darubini.

Alitaka kusoma fizikia. Baba akamweleza ukweli ambao wengi wetu tumeusikia katika nyumba zetu: pesa hakuna. Kulikuwa na njia moja tu. Serikali ya Prussia ilikuwa na chuo cha udaktari mjini Berlin kilichosomesha vijana bure, kwa sharti kwamba baadaye watalitumikia jeshi kwa miaka minane. Kijana akakubali kusoma tiba, akaingia chuoni mwaka 1838 akiwa na miaka 17. Ndugu yangu unayesoma kozi ambayo hukuichagua wewe bali imechaguliwa na mfuko wa mzazi, jifunze hapa. Helmholtz baadaye alishukuru kwamba alisukumwa kwenye tiba, maana ndiko alikoyakuta maswali yake makubwa.

Mwalimu wake alikuwa Johannes Müller, bingwa wa elimu ya mwili katika zama zile. Mwaka 1842 Helmholtz alimaliza udaktari, na mwaka uliofuata akapelekwa Potsdam kuwa tabibu wa kikosi. Alijitengenezea maabara ndogo kambini, akapima joto linalotoka katika misuli ya chura. Mwaka 1847, akiwa bado askari, aliandika risala ya kuonyesha kwamba nguvu haipotei: hubadilika tu sura, kutoka mwendo kuwa joto, kutoka joto kuwa umeme. Jarida kubwa la fizikia lilikataa kuichapisha, akaitoa kama kijitabu. Leo hakuna mwanafunzi wa sayansi asiyefundishwa kanuni hiyo.

Mwaka 1848 aliachiliwa mapema kutoka jeshini, na mwaka 1849 akapewa kiti cha elimu ya mwili katika chuo kikuu cha Königsberg. Mwaka huohuo alimwoa Olga von Velten. Huko Königsberg alifanya jambo ambalo mwalimu wake Müller aliona haliwezekani: alipima mwendo wa habari ndani ya neva ya chura, akakuta ni kiasi cha mita 25 hadi 40 kwa sekunde. Watu walidhani hisia hufika papo hapo. Yeye akaonyesha kwamba zinasafiri, na safari yake ina muda.

Sasa tufike kwenye jicho.

Tazama mboni ya mwenzako. Ni nyeusi tii. Kwa karne nyingi watu waliuliza kwa nini, na wengine walidhani jicho huimeza nuru yote. Lakini paka akimulikwa usiku macho yake huwaka, na Ernst Brücke, rafiki wa Helmholtz na mtangulizi wake katika kiti kile cha Königsberg, alikwisha kuonyesha kwamba hata jicho la binadamu huweza kung'aa taa ikikaa mahali panapofaa. Basi nuru inatoka ndani. Brücke aliishia hapo. Hakujiuliza ile nuru inayorudi inachora picha ya nini.

Mwaka 1850 Helmholtz alikuwa akiandaa somo la kuwaeleza wanafunzi jambo hilo. Alipokuwa akitafuta njia nyepesi ya kulifafanua, jibu lilimjia. Nuru inayoingia jichoni hurudi kwa njia ile ile iliyojia, hadi kwenye taa. Ukitaka kuiona ikirudi, jicho lako lazima liwe palipo taa. Lakini ukiweka kichwa chako hapo, umeikinga taa yenyewe. Ndiyo maana mboni ni nyeusi: giza tunaloliona ni la kichwa chetu wenyewe!

Dawa yake ilikuwa kioo. Aliweka vipande vyembamba vya kioo kwa mshazari mbele ya jicho la mgonjwa, taa ikiwa ubavuni. Kioo kikairudisha sehemu ya nuru kuelekea ndani ya jicho, na sehemu ya nuru iliyorudi kutoka ndani ikapenya kioo kile kile hadi kwenye jicho la daktari. Akaongeza lenzi ya kuisawazisha picha. Vifaa vyake vya kwanza vilikuwa kadibodi, gundi, lenzi za miwani na vile vioo vyembamba vinavyofunikia vielelezo vya hadubini. Siku za mwanzo hazikumpa kitu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kama asingekuwa na yakini na hesabu zake angeliacha. Baada ya siku nane hivi aliona, wa kwanza miongoni mwa wanadamu, retina ya mtu aliye hai: uwanja mwekundu, na mishipa ya damu ikitawanyika kama matawi ya mti. Tarehe 6 Desemba 1850 habari zikafikishwa kwa chama cha wanafizikia cha Berlin, na mwaka 1851 akachapisha kijitabu cha kukieleza chombo chake, akakiita kioo cha jicho.

Si wote waliofurahi. Daktari mmoja aliona ni hatari kuingiza nuru kali katika jicho linaloumwa. Mwingine alisema chombo hicho kinawafaa madaktari wenye macho mabovu tu, na yeye yake ni mazima. Lakini Albrecht von Graefe, tabibu kijana wa Berlin, alikipokea kwa furaha kubwa, na kwa chombo hicho yeye na wenzake waliijenga upya elimu nzima ya magonjwa ya macho. Fundi wa Königsberg aitwaye Rekoss akaongeza gurudumu la lenzi ili daktari azibadilishe kwa kidole. Kifaa kidogo cha mkononi alichoshika daktari wa mama yangu ni kitukuu cha kile cha kadibodi.

Hapa ndipo doa jeusi linapoingia. Kabla ya 1850, uvimbe wa nyuma ya jicho ulijulikana umekwisha kuchelewa: mtu amepofuka, jicho limevimba au uvimbe umetokeza nje, au maiti inapasuliwa. Baka dogo lisiloumiza halikuwa na wa kulishuhudia. Tangu Helmholtz, daktari anaweza kuliona lingali dogo. Na kuona kulileta swali gumu zaidi: nimeliona, sasa nilihukumu vipi?

Nilisoma nikajifunza kwamba hukumu hiyo ina utaratibu. Mabaka hayo huota kwenye koroidi, ule utando wenye mishipa ya damu na rangi ulio chini ya retina. Huko Marekani, miongoni mwa watu weupe, takriban watu wazima 5 katika 100 wanayo, na makadirio ni kwamba baka moja katika 8,800 hivi ndilo hugeuka saratani kwa mwaka. Kwa sisi watu weusi saratani hii iitwayo melanoma ya jicho ni adimu zaidi, ingawa haikosekani kabisa. Huwezi kumng'oa kila mtu jicho kwa kuogopa moja katika maelfu. Wala huwezi kusema wote wako salama, kwa sababu melanoma ikishatoka jichoni hupenda kukimbilia ini, na huko tiba ni ngumu mno.

Kwa hiyo madaktari huuliza maswali. Je, uvimbe una umbo la uyoga? Je, juu yake kuna vumbi la rangi ya chungwa? Je, ni mpana au mnene, hasa ukizidi milimita 2 kwa unene? Je, umekua tangu ulipopimwa mara ya mwisho? Je, kuna maji yaliyojikusanya chini ya retina? Kuna utaratibu mmoja, ulioasisiwa na daktari Bertil Damato, ambamo kila swali kati ya haya matano hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, kisha zinajumlishwa. Asiye na alama yoyote ana baka la kawaida. Mwenye 1 au 2 ana la kuangaliwa kwa makini zaidi. Akifika 3 au zaidi huhesabiwa kuwa huenda ni melanoma, apelekwe haraka kwa bingwa. Wengine huongeza dalili za mgonjwa mwenyewe, kama kuona vimulimuli au uoni kufifia.

Likatae swali lolote, lakini usilikatae lile la kukua. Hilo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama mtu mara moja. Linahitaji picha mbili, na muda kati yake. Hapo nikaelewa kwa nini daktari alimwambia mama arudi baada ya miezi sita. Sikuwa nimeielewa hata kidogo, nami ndiye niliyeitwa msomi wa nyumba. Nilikuwa nikidhani kwamba kurudi ni kurudia. Kumbe ziara ya kwanza bila ya pili ni ushahidi wa shahidi mmoja.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1855 alihamia Bonn, mwaka 1858 Heidelberg. Kati ya 1856 na 1867 alitoa kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona. Miaka hiyo haikuwa mepesi. Mwaka 1859 alimpoteza baba yake, na mwishoni mwa mwaka huohuo mkewe Olga, aliyemwachia watoto wawili wadogo. Mwaka 1861 alimwoa Anna von Mohl. Mwaka 1871 akaitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia, elimu aliyoikosa ujanani kwa ajili ya umaskini. Aliipata akikaribia miaka 50. Heinrich Hertz, aliyethibitisha mawimbi ya redio, alikuwa mwanafunzi wake. Max Planck naye alihudhuria mihadhara yake, akasimulia kwamba ilichosha mno, profesa akisitasita na kukosea hesabu ubaoni, hata wanafunzi wakabaki wachache. Mkubwa wa elimu si lazima awe fundi wa kusomesha.

Kuna jambo lake moja lililoniudhi, nami nitalisema. Katika mihadhara yake alieleza kasoro za jicho: mahali pasipoona kabisa, rangi zinazotawanyika pembezoni, lenzi isiyo safi. Akasema kwamba fundi wa miwani akimuuzia chombo chenye kasoro kama hizo atamrudishia. Mimi mwanafunzi wa dini nilifunga kitabu. Vipi mtu aitie dosari neema hii?

Nilikifungua tena kwa sababu ya Ibn al-Haytham. Yeye, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Cairo karibu 1040, ndiye aliyethibitisha kwamba jicho halitoi miale bali nuru huliingia. Na katika Kitab al-Manazir, chenye makala saba, makala nzima ya tatu ameitoa kwa makosa ya kuona: lini jicho hudanganyika, na kwa nini. Mwislamu huyu hakuona kwamba kuyataja ni kuvunja adabu. Yeye mwenyewe alikosea alipodhani kwamba kinachohisi nuru ni ile lenzi; ilipofika 1604 Kepler ndiye aliyeonyesha kwamba picha huchorwa kwenye retina. Nikarudi kwa Helmholtz nikakuta kwamba hakuishia kwenye ule mzaha. Aliendelea kusema kwamba kasoro hizo hazitudhuru, kwa kuwa macho ni mawili, yanatembea, na akili hurekebisha, hivyo jicho linatosha kabisa kwa kazi yake. Anayejua mahali jicho lisipoona ndiye anayeweza kulitibu. Hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyesoma nusu ukurasa.

Heshima zilimjia kwa wingi, lakini hakuzipapia. Mwaka 1886 madaktari wa macho walimpa nishani ya kwanza iliyoitwa kwa jina la Graefe. Alijibu kwa mfano: yeye ni kama mhunzi aliyemfulia mchongaji patasi ngumu, sanamu ni kazi ya mchongaji. Na alipotimiza miaka 70 alijifananisha na mpanda mlima asiyejua njia, anayekwama, anayerudi nyuma, na akifika kileleni huona kwamba kulikuwa na barabara pana ambayo angeipita kama angekuwa na busara ya kuiona tangu chini. Vitabu vyake, alikiri, huwaonyesha wasomaji barabara ile, si kule kutangatanga kwake.

Mwaka 1889 alimzika mwanawe Robert. Mwaka 1893 alisafiri hadi Chicago kwa mkutano wa wataalamu wa umeme. Wakati wa kurejea alianguka kwenye ngazi za meli akaumia kichwa, na hakupata tena nguvu zake zote. Mwanzoni mwa 1894 alifariki Hertz, mwanafunzi wake mpenzi. Julai akapatwa na kiharusi, na tarehe 8 Septemba 1894 naye akafariki, akiwa na miaka 73.

Nilimpigia mama. Sikumsomea hesabu za alama. Nilimwambia tu kwamba tunajua kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, na kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kujitibu. Na kwamba mara hii sehemu ya dawa ni kutazamwa mara mbili. Kisha nikamwomba radhi kwa zile siku za kimya, nami nikamwambia sababu yake. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema karo atajua Mungu. Nililipa karo kwa awamu, kwa kusomesha watoto Qur'ani jioni.

Miezi sita ilipotimia alirudi. Picha ya pili iliwekwa kando ya ya kwanza. Doa liko pale pale, unene haukufika milimita 2, maji hakuna, rangi ya chungwa hakuna. Alhamdulillah. Halikuondoka, wala hakuna aliyeahidi kwamba litaondoka. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi yake, baada ya mwaka mmoja, nami nimeiandika nyuma ya daftari langu la usul al-fiqh.

Ndugu msomaji, likizo inakaribia. Ukifika nyumbani waulize wazazi mara ya mwisho walipimwa macho lini, na kama walitiwa matone ya kupanua mboni au walisomeshwa herufi ukutani tu. Na wakiwa wameambiwa warudi, warudi. Asiyeumwa kitu ndiye mwenye nafasi ya kuwahi.

Allah atuhifadhie macho yetu na ya wazazi wetu, na atujaalie kuyatumia katika yale anayoyaridhia. Amin.

Wabillahi tawfiq.